Kondoo na pumba za ghafla
Wafugaji wenzangu wa Muheza na Pangani, nawasihi msimpe kondoo aliyezoea majani ndoo nzima ya pumba au mahindi kwa siku moja, hata kama mnamwonea huruma ya kiangazi, kwa sababu wanga mwingi huchachuka upesi ndani ya tumbo kuu, asidi ikazidi, naye akaacha kucheua, akaharisha na pengine akafa ndani ya siku 1 au 2. Anzeni na konzi moja akiwa ameshakula nyasi kavu, kisha ongezeni kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Maji yawepo daima. Akivimba ubavu wa kushoto, mwiteni mtaalamu wa mifugo usiku huohuo.