Kurekodi albamu ya kwanza ya swingi na fanki: anzeni kwa mdomo

Kabla hamjalipia hata saa moja ya studio, wekeni vyombo chini mhesabu kwa mdomo. Sisi, bendi ya watu saba wa Mombasa, tuliona huo ni utoto. Nyimbo tatu kati ya tisa zikaishia kutupwa.

Kwenye swingi, mtindo wa jazi, kila pigo lina "cha-ka-cha". Pigeni "cha" ya kwanza na ya mwisho, "ka" imezeni. Mtu wa Pwani hahangaiki hapa, maana chakacha yenyewe inakwenda tatu-tatu. Kwenye fanki kila pigo ni "pi-li-pi-li", silabi nne sawasawa, na uzito unaangukia pigo la kwanza. James Brown, mwimbaji wa fanki wa Marekani, alikuwa mkali sana kwa wanamuziki wake juu ya hilo pigo la kwanza.

Sasa tatu na nne zikikutana ndipo ugomvi unapoanza. Siku moja mazoezini mpiga dramu wetu alisimamisha wimbo akaniuliza, "Kaka, mbona mimi naruka na wewe watembea?" Kweli, besi yangu ilikuwa ikitembea kama ya jazi, noti za katikati nikizichomeka kwa cha-ka-cha, huku yeye anakata pilipili. Tangu hapo kila sehemu ya wimbo tunaandika nani anashika tatu, nani anashika nne. Besi na dramu lazima wawe upande mmoja. Tarumbeta na saksofoni zinaweza kujivuta kwa cha-ka-cha juu ya fanki na zikanoga. Besi ikijivuta hivyo, wimbo unachechemea.

Gitaa nalo lichague. Freddie Green, aliyeingia bendi ya jazi ya Count Basie mwaka 1937, alikuwa akipiga mara nne tu kwa kila mapigo manne, taratibu. Jimmy Nolen wa James Brown alikuwa akikwaruza nyuzi kama kuku anayeparura jaani. Wetu alitaka yote mawili kwenye ubeti mmoja. Tukamkatalia: ubeti Green, kiitikio Nolen.

Kuhama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kuna ujanja wake. Swingi ikienda kasi, cha-ka-cha inajinyoosha, zile noti mbili zinakaribia kulingana. Kwenye wimbo wetu wa sita tulikwenda mapigo 200 kwa dakika, kisha dramu ikahesabu nusu, 100, bila noti zenyewe kubadilika kasi. Noti mbili-mbili za swingi zikageuka nne-nne za fanki papo hapo. Tuliukosea mara kumi na moja kabla haujakaa.

Studioni, dramu, besi na gitaa virekodiwe pamoja, mkitazamana. Zile tatu tulizotupa, dramu ilirekodiwa peke yake na metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa), besi nikaiweka kesho yake. Metronomu inajua pigo lilipo, haijui "cha" ya mwisho mmeiweka wapi. Kama chumba ni kimoja na sauti zinaingiliana, fanyeni kama sisi: spika ya besi iliingia chooni, waya ukapita chini ya mlango. Tarumbeta na saksofoni zije baadaye.

Wakati wa kuchanganya sauti, mwombeni fundi mitambo asiibane dramu mno. Zile noti za chinichini za snea, ngoma kuu ya dramu inayopigwa kwa fimbo, zikipanda zikawa sawa na nyingine, swingi imekwisha.

Na msipange nyimbo za swingi kwanza, za fanki mwisho. Ule wa sita, wenye mitindo yote miwili, tukaupeleka wa kwanza.