Kabla ya kupanda manowari HMS Belfast

Aliyezoea feri ya MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe, huenda akadhani ngazi za meli ni ngazi tu. Ndani ya HMS Belfast, manowari ya zamani ambayo sasa ni makumbusho, iliyofungwa mtoni Thames, London, ngazi ndizo zinazoamua utaona nini. Ina urefu wa mita 187 na sitaha 9. Iliundwa kubeba mizinga 12 ya inchi 6 na mitambo ya mvuke. Mabaharia, ambao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walifika 950 hivi, walibanana palipobaki. Ndiyo maana ngazi zimesimama karibu wima, na matundu yake yanapitisha mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo gomesi, lile gauni refu la Kiganda, iache kwa shughuli nyingine, maana utaikanyaga pindo ukiwa katikati ya ngazi. Vaa suruali na viatu vya kufunika vidole, vyenye soli ya mpira, kwani chuma kikilowa mvua huteleza. Unaposhuka, itazame ngazi, usiipe mgongo, na mikono yote miwili ishike vyuma. Simu ikae mfukoni. Mtoto wa kubebwa mgongoni yuko hatarini: ukipenya tundu, kichwa chake ndicho kinachogonga chuma. Mwenye magoti mabovu abaki sitaha za juu, ambako bado yapo mengi.

Ukitua Gatwick, kuna treni ya moja kwa moja hadi London Bridge, na kutoka kituoni ni mwendo mfupi wa miguu. Kishawishi cha kupitia hapo na sanduku ni kikubwa. Litangulize hotelini.

Tenga muda wa saa tatu, uanzie chini, kwenye maboila na injini, miguu ikiwa bado ina nguvu. Wengi huanza juu wakachoka, wakakosa sehemu hiyo iliyo chini ya usawa wa maji, ambayo kwa kweli ndiyo tamu kuliko zote. Picha za mizinga ziache mwisho. Ile ya mbele imelenga kituo cha mapumziko kwenye barabara kuu ya M1, kilomita 18 na ushei.

Viza ya Uingereza huombwa mapema kabisa miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Wanaosafiri Krismasi wakumbuke: tarehe 24 hadi 26 Desemba meli hufungwa.