Nyumba ya zamani: anza na ethi, soketi mpya baadaye

"Fundi, friji linanipiga." Masika ikianza, simu za namna hii hazikatiki, na nyingi hutoka kwenye nyumba za Kiswahili za Magomeni, Ilala na Temeke, Dar es Salaam: korido katikati, vyumba sita, choo na bafu uani, LUKU moja ya wote na ugomvi wake. Umeme uliingizwa enzi za taa moja kila chumba na redio sebuleni. Leo kila mpangaji ana friji, pasi, birika na jiko la sahani moja, na vyote vinategemea nyaya zilezile.

Nikifika, mwenye nyumba hunipeleka moja kwa moja kwenye soketi zilizoungua, anataka nimfungie mpya. Namwambia hiyo ni kazi ya mwisho. Mpangilio wangu ndio huu hapa chini, nimeuandika ili mwenye nyumba ajue cha kumdai fundi wake. Kufungua DB (boksi la breka) na kushika nyaya mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati; maagizo ya nyaya hapa chini ni yake. Mita na lakiri yake ni ya shirika la umeme, TANESCO, hata mimi siigusi.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba kwa macho na pua

Tafuta soketi iliyogeuka kahawia, swichi inayolia ndani ukiiwasha, harufu ya plastiki iliyoungua. Kisha zima meni swichi, chukua tochi, panda darini. Nyaya za zamani kabisa zimevikwa mpira, na joto la bati la miaka yote hiyo limeukausha: ukiukunja kidogo unamomonyoka kama andazi la juzi. Waya wa hivyo hauzungushiwi tepu, unatolewa wote. Angalia pia panya walipopita.

Kama bado kuna fyuzi za kuchomoa, doa la rangi linakuambia ukubwa: jeupe ampea 5, bluu 15, jekundu 30. Mara nyingi ndani nakuta waya wa shaba uliokunjwa mara tatu, na siku moja nilikuta msumari. Hapo waya wa ukutani ndio uliogeuzwa fyuzi: ndio utakaoungua kwanza.

Rangi za nyaya usiziamini. Zamani laivu (waya unaoleta umeme) ilikuwa nyekundu, nyutro (unaourudisha) nyeusi, ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini) kijani. Siku hizi ni kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Nyumba iliyopitiwa na mafundi watatu ina zote ndani ya boksi moja. Pima kwanza, na kabla ya kupima jaribu testa yenyewe kwenye soketi unayojua ina umeme. Testa mbovu imeshatuumiza wengi.

Hatua ya 2: Ethi

Hapa ndipo lilipo jibu la friji linalopiga. Laivu ikigusa bodi ya friji, umeme unatafuta njia ya kwenda ardhini. Kukiwa na ethi nzuri unapita huko. Isipokuwepo, unamsubiri mtu aliye peku kwenye sakafu yenye maji.

Nenda nje, tafuta nondo ya ethi. Kwenye nyumba nyingi za zamani utakuta waya umekatika kwenye klipu kwa kutu, au nondo imefunikwa na zege la choo kipya, au walitegemea bomba la maji la chuma ambalo lilishabadilishwa kuwa la plastiki. Chimbia nondo mpya ya shaba mahali penye unyevu wa kudumu, ifunge kwa klipu ya shaba, na juu yake weka kishimo chenye kifuniko ili ikaguliwe. Ile kawaida ya kumwaga chumvi siipendi: inashusha ukinzani wa ethi leo, inakula klipu kesho.

Sasa kuhusu kupima. Mtaani tunafunga balbu kati ya laivu na ethi; ikiwaka, fundi anasema "ethi ipo safi", analipwa, anaondoka. Piga hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 ina ukinzani wa kama omu 880. Ethi yako ikiwa mbovu, tuseme omu 100, balbu bado itawaka karibu kama kawaida. Lakini friji likipata hitilafu, voti 230 kugawanya kwa 100 ni ampea 2.3 tu. Breka ya ampea 16 haitajua kama kuna jambo. Bodi ya friji inabaki na umeme usiku kucha, na uniti zaidi ya 12 kwa siku zinamwagika ardhini huku wapangaji wakishukiana. Kwa hiyo dai fundi aje na mashine ya kupimia ethi, akuonyeshe namba, na ikiwezekana apime tena kiangazi ardhi ikikauka.

Kuna ujanja mmoja nauchukia kuliko yote: fundi anakuta hakuna ethi kwenye soketi, anaunganisha tundu la ethi na nyutro humohumo ndani. Kila kitu kinafanya kazi. Siku nyutro ikikatika, bodi ya kila kifaa kilichochomekwa na kuwashwa inakuwa laivu. Ukiukuta, ukate siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: RCD ya miliampea 30

Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, haimlindi mtu. RCD hulinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, na upungufu ukifika miliampea 30 inakata mara moja. Ile ethi ya omu 100 iliyoidanganya balbu, hii haiidanganyi.

Jiandae kwa usumbufu. Ukiifunga kwenye nyumba ya zamani huenda ikagoma kusimama, na mwenye nyumba atasema umemletea kifaa kibovu. Chomoa vifaa vyote, toa laivu na nyutro za kila sakiti (njia moja ya nyaya na breka yake) kwenye DB, kisha rudisha sakiti moja moja. Itakayoangusha RCD mara nyingi ina nyutro inayogusa ethi, au imeazima nyutro ya chumba cha jirani. Kuzima breka pekee hakutoshi kutafuta kosa hili, maana breka inakata laivu tu na nyutro inabaki imeungwa.

Hatua ya 4: Breka ifuate waya

Taa: waya wa milimita 1.5 za mraba, breka ya 10. Soketi: waya wa 2.5, breka ya 16 au 20. Hita ya bafuni ya wati 5,500 inavuta kama ampea 24, kwa hiyo ipewe waya wake wa 6 na breka ya 32, peke yake.

Breka ikikata kila jioni, usikubali kuwekewa kubwa. Birika wati 2,000, jiko 1,500, pasi 1,200: jumla 4,700, zaidi ya ampea 20, na mara nyingi zote zinaning'inia kwenye eksteshen moja ya ampea 13. Dawa ni sakiti ya pili. Kwa nyumba ya vyumba sita natenga angalau sakiti mbili za soketi, upande wa kulia na wa kushoto wa korido.

Hatua ya 5: Waya mpya

Kwangua ncha kwa kisu dukani. Ndani kukiwa kweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Pitisha nyaya ndani ya bomba, jointi zote zikae kwenye boksi na konekta. Kabla ya kuwasha, toa balbu, chomoa vifaa, pima insulesheni (ganda la waya) kwa voti 500. Chini ya megaomu 1, usiwashe.

Hatua ya 6: Soketi na swichi

Sasa ndiyo. Hakikisha swichi inakata laivu. Zamani walikata nyutro, taa inazimika na holda inabaki hai ikimngoja mbadilisha balbu.

Andika kwenye DB breka ipi ni ya chumba kipi, kwa kalamu isiyofutika. Kisha mwonyeshe mwenye nyumba kile kitufe cha "T" cha kuijaribu RCD, akibonyeze mwenyewe mbele yako, na kila mwezi siku anayokusanya hela ya LUKU akibonyeze tena. Siku isipokata, akupigie.