Mtoto ana homa siku ya nne na vipele vimetoka: fanya hivi

Swali langu la kwanza kwenye dawati la watoto ni lilelile kila siku: "Mama, homa ilianza lini?" Na jibu ni lilelile: "Ina siku kidogo, dokta." (Mimi ni muuguzi, lakini Dar kila mwenye koti jeupe ni dokta.) Siku kidogo ni mbili au sita? Alhamisi moja mama alinijibu hivyo, bibi wa mtoto aliyekuwa pembeni na kibegi akamkatiza: "Si ilianza siku ile tumetoka msibani Mbagala? Jumamosi ile." Basi ni siku ya sita. Mazungumzo yakageuka hapohapo, maana mtoto mwenye homa na vipele, hesabu ya siku hunieleza mambo ambayo maabara yetu haiwezi kunieleza.

Lakini kuna watoto ambao hawasubiri hesabu. Acha kusoma, tafuta bajaji, kama mtoto yuko chini ya miezi mitatu na ana homa. Kama amelegea au haamki vizuri, hanyonyi, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, amepata degedege, shingo imekakamaa au utosi umevimba. Akiwa kwenye degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Na yule jirani anayesema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, mwitikie kwa adabu, kisha uende hospitali.

Hatua ya 1: Andika siku

Chukua karatasi. Siku homa ilipoanza ndiyo siku ya 1. Kila siku andika joto, kilichoongezeka (kikohozi, macho mekundu, kuharisha) na kila dawa uliyompa, hata ile ya kuazima kwa jirani. Halafu andika jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: vipele vilitoka homa ikiwa bado juu, au vilitoka ilipokwisha?

Mwanangu alinifundisha hilo akiwa na miezi kumi. Homa siku tatu, 39 na zaidi, kipimo cha malaria hakina kitu. Siku ya nne akaamka baridi, anacheza. Jioni namwogesha, naona vipele vidogo mgongoni na kifuani. Pamoja na uzoefu wangu wote nilitetemeka, nikataka kumwanzishia antibayotiki usiku uleule. Ilikuwa roziola tu, homa ya virusi vya utotoni: joto kali siku tatu hadi tano, linakatika, ndipo vipele vinatoka, navyo vinapotea vyenyewe. Vingetoka joto likiwa bado juu, ningekuwa na kesi nyingine mkononi.

Hatua ya 2: Pima joto kwa kipimajoto

Mkono wa mama unajua kama mtoto ana moto, ila hautoi namba. Kipimajoto cha kidijitali kipo maduka mengi ya dawa. Weka kwapani, bana mkono, subiri kilie. Kuanzia 37.5 kwapani ni homa. Mtoto akitoka kubebwa juani au kufunikwa mablanketi, mpunguze nguo kwanza, usubiri kidogo, ndipo upime.

Hatua ya 3: Angalia vipele mchana, mtoto akiwa uchi

Siyo kwa tochi ya simu saa tano usiku. Mlaze karibu na dirisha. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee wekundu. Vipele vinaweza kuonekana vyeusi zaidi au vya kahawia, na mara nyingine unavihisi kwa kiganja kabla hujaviona. Wekundu utafute kwenye macho, midomo, ulimi, viganja na nyayo. Piga picha kila siku, vinabadilika.

Vipele vya jasho shingoni na kwenye mikunjo, mtoto hana homa, ni harara. Hasa miezi ya joto, Desemba mpaka Machi. Vipele vya maji vinavyowasha, vingine vimekauka huku vingine vinaanza, ni tetekuwanga.

Surua ina mpangilio wake: homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku kama tatu, kisha vipele vinaanza nyuma ya masikio na usoni, vinashuka kifuani, tumboni, miguuni, na homa inapanda navyo. Fungua kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Wengi wanachoma ya kwanza, ya pili wanaisahau.

Sasa chukua glasi ya kioo, bonyeza ubavu wake juu ya vipele. Vikififia, angalau ni nafuu. Visipofifia kabisa na mtoto ana homa, inaweza kuwa damu inavuja chini ya ngozi: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ikifika siku ya 5, homa haijakatika hata siku moja, na unaona macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu, mikono au miguu imevimba, au tezi shingoni, taja kwa mdomo wako: "Inaweza kuwa Kawasaki?" Ni ugonjwa wa nadra, ulielezwa na Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967, na unaweza kuharibu mishipa ya damu ya moyo. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikitolewa kabla ya siku ya 10. Ndiyo maana nakung'ang'aniza karatasi.

Hatua ya 4: Dawa moja, kipimo sahihi

Parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa sita. Ile ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani.

Usimpe aspirini. Ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka dengi, homa ya virusi vya mbu, iondolewe kwenye mashaka, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu, na jiji hili limepigwa na dengi mwaka 2014 na 2019. Na tafadhali, usianze antibayotiki ya dukani "kuzuia zuia". Vipele vikitoka baadaye tutashindwa kujua ni vya ugonjwa au vya dawa.

Mnyonyeshe mara nyingi, mpe maji, uji mwepesi, ORS akiharisha.

Hatua ya 5: Ukifika kituoni

Ukihisi ni surua, mwambie mhudumu wa mlangoni kabla hujakaa kwenye benchi. Virusi hivyo hubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili, na benchi lile limejaa vichanga ambao hawajafikia miezi tisa. Mtoto wa surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, usipopewa, uliza.

Malaria ipimwe, lakini kama alitibiwa wiki mbili zilizopita sema, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha. Malaria ikikosekana, omba mkojo upimwe, hasa kwa mtoto wa kike. Jibu la "taifodi" lililotoka kwenye Widal (kipimo cha damu cha taifodi) moja pekee mimi siliamini.

Hatua ya 6: Usiku baada ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo dengi inapodanganya. Homa inashuka kati ya siku ya 3 na ya 7, watu wanashangilia, kumbe hatari ndiyo inaanza. Mtoto akipoa halafu tumbo likauma, akatapika mfululizo, ufizi ukatoka damu, mikono ikawa baridi, au akakaa saa sita bila kukojoa, mrudishe, hata kama umetoka huko mchana.

Weka namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa. Karatasi ya siku iingize ndani ya kadi ya kliniki, isibaki juu ya friji.