Barua pepe zinaingia lakini hazitoki: kuihama poti 25

Ofisini kwetu Mwanga, Kigoma, ankara ya dagaa wa Kibirizi iliyokuwa ikisubiriwa na mteja wa Dar es Salaam ilikwama kwenye kisanduku cha kutuma tangu asubuhi hadi alasiri, ilhali barua za wateja wengine ziliendelea kuingia kama kawaida. Dalili ni hiyo: kupokea hupita poti (mlango wenye namba wa mawasiliano ya kompyuta) nyingine, 993 kwa IMAP au 995 kwa POP3, ambazo ni njia mbili za kupokea barua, lakini programu yetu ilikuwa ikituma kwa poti 25, ambayo watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa kuwa kompyuta zenye virusi huitumia kumwaga barua taka bila wenyewe kujua.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kwenye dirisha la amri andika telnet (amri ya kujaribu kuunganisha na seva), jina la seva yako ya kutuma, kisha 25. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, rudia kwa 587. Ukijibiwa kwa mstari unaoanza na 220, njia ipo. Nenosiri liache kwanza, maana hapo mazungumzo hayajafika kwenye nenosiri.

Hatua ya pili, fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye seva ya kutuma, futa 25 uandike 587, chagua STARTTLS (aina ya usimbaji wa mawasiliano), kisha washa uthibitishaji kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Mtoa huduma wako wa barua akikupa 465, chagua SSL/TLS, aina nyingine ya usimbaji; ukizichanganya hizi mbili, programu itazunguka tu bila kutuma.

Tuma barua moja ya majaribio kwenye anwani ya nje ya ofisi.

Swali (Ujiji): Shikamoo mwalimu. Kwa nini 587 nayo isifungwe?

Jibu: Marahaba. Ilitengwa mwaka 1998 kwa ajili ya mtumiaji kukabidhi barua kwa seva yake, nayo seva humtaka ajitambulishe kwanza. Poti 25 ni ya seva kupokezana zenyewe.

Swali (Kasulu): Mimi ninaendesha seva yangu ya barua kwa programu ya Postfix. Nibadilishe poti tu?

Jibu: Hapana, ndugu, kwa sababu seva za wapokeaji zinakusubiri kwenye 25. Weka kwenye relayhost (mpangilio wa Postfix wa seva ya kupitishia barua) seva ya huduma ya kupitishia barua, kwa poti 587, na jina na nenosiri ulilopewa uyaweke kwenye mipangilio yake ya uthibitishaji. Kisha iongeze huduma hiyo kwenye rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako) ya kikoa chako, la sivyo barua zako huenda zikaishia kwenye taka.

Swali (Uvinza): Windows yangu inasema haiijui telnet.

Jibu: Huja ikiwa imezimwa. Tumia PowerShell: Test-NetConnection, jina la seva, kisha -Port 587. Mstari wa mwisho ukisema True, poti iko wazi.