Kuotesha kuvumwani ya ukoko kwenye zege na kigae: Protoparmeliopsis muralis

Anayetaka kupanda kuvumwani za ukoko, yaani viumbe vya kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama gamba juu ya jiwe, hukutana na mambo matatu: hukua polepole, hazibanduki, na hazina mbegu ya kununua. Hata hivyo Protoparmeliopsis muralis, ambayo vitabu vya zamani huiita Lecanora muralis, ni nafuu kuliko nyingi. Huota kwenye mawe magumu, zege, vigae, hata lami. Huvumilia vumbi na hewa ya mjini, na ikipata mahali panapoifaa duara lake hupanuka milimita kadhaa kwa mwaka. Rhizocarpon geographicum, ukoko wa manjano na nyeusi wa mawe ya milimani, mara nyingi haifikishi hata milimita moja. Hiyo iache ilipo. Wanasayansi hupima maduara yake ili kukadiria jiwe limekaa wazi kwa muda gani, mbinu iliyoenezwa na mtaalamu wa mimea Roland Beschel katika miaka ya 1950, na likikwanguliwa duara kubwa kipimo hicho kinapotea.

Kuitambua

Tafuta duara la kijivu-kijani au kijani-manjano lililolala bapa juu ya jiwe, kwa kawaida lisilozidi sentimita 10. Ukingoni lina vindimi vyenye upana wa takriban milimita moja, na ncha zake aghalabu ni nyeupe. Katikati pamepasukapasuka vipande vidogo, na juu yake vimesongamana visahani vya kahawia visivyofika milimita 2, kila kimoja kikiwa na mdomo wenye rangi ya mwili wenyewe. Ndani ya visahani hivyo ndimo spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hutengenezwa. Duara likizeeka, katikati hubomoka na kuacha pete. Usidhani inaumwa, pengo hilo baadaye hujazwa na vichanga vipya.

Haina vumbi la uzazi wala vijiti vya kukatika juu yake, vitu ambavyo kuvumwani nyingine nyingi hutumia kuenea. Ukiona ungaunga katikati, huenda umeshika Diploicia canescens. Ikiwa ya rangi ya chungwa, dondosha tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwenye kipande kidogo: Calogaya saxicola hugeuka zambarau papo hapo, ilhali muralis kwa kawaida haibadiliki. Vaa glavu, maana dawa hiyo huunguza, na usiidondoshe kwenye duara unalotaka liishi.

Kwa chini hakuna ngozi kama ile ya juu. Nyuzi za kuvu huingia moja kwa moja kati ya chembe za jiwe, na kwa sababu hiyo wembe hauwezi kuitoa nzima. Juu ya nyuzi hizo kuna tabaka la mwani wa kijani wa jenasi ya Trebouxia, unaotengeneza sukari kwa ajili ya wote wawili. Ukipanda kuvu bila mwani, hupati kuvumwani.

Maji na saa ya kuyatia

Kinachoua kuvumwani nyingi za kupandwa ni huruma ya mwenye nazo: maji asubuhi, mchana na jioni. Kiumbe hiki hakina mizizi wala ghala la maji. Kikiloa kinaamka, kikikauka kinalala, na mwili wake umezoea kwenda na kurudi hivyo. Kikiwa kikavu huvumilia jua kali. Kikiwa kimeloa gizani, kinatumia sukari bila kutengeneza nyingine, kwa hiyo maji ya jioni ni hasara tupu. Kikilowa kupita kiasi, maji huziba nafasi za hewa ndani yake na kabonidioksidi haiufikii mwani.

Nyunyiza alfajiri, matone madogo, hadi rangi igeuke kuwa kijani zaidi, kisha acha. Lengo ni iwe na unyevu kwa saa mbili hadi nne za mwanga, halafu ikauke kabisa kabla ya joto la mchana. Siku ya mvua au umande mzito usitie chochote. Pakiwa pakavu sana, mara tatu au nne kwa wiki zinatosha. Ikikaa wiki kadhaa bila maji haifi, inasimama tu.

Tumia maji ya mvua au yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake. Maji ya bomba yenye chokaa huacha utando mweupe unaofunika vindimi. Yasiwe yametiririka juu ya shaba au bati lililopakwa zinki: metali hizo ni sumu, na ukitazama paa la vigae lenye ukanda wa zinki au waya wa shaba juu yake, utaona chini yake mstari msafi usio na kuvumwani hata moja.

Mahali pa kupanda

Chagua kigae cha udongo kisichong'arishwa, zege kuukuu au jiwe lenye uso wa kukwaruza. Kioo, rangi ya mafuta na zege lililosuguliwa havishiki kitu. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13, yaani alikali kali mno, na huchoma vipande vya kuvumwani, kwa hiyo liache nje kwa miezi kadhaa lipigwe na mvua na hewa. Ukishapungua ukali huo wa saruji, zege ni bora kuliko mawe mengi. Mark Seaward, mtaalamu wa kuvumwani aliyeifuatilia spishi hii katika mji wa Leeds na viunga vyake nchini Uingereza, alionyesha kuwa wakati hewa ilipokuwa na gesi nyingi ya asidi iitwayo salfa dioksidi, ilisalimika zaidi kwenye sehemu zenye saruji, kwa kuwa alikali yake ilipunguza makali ya asidi. Hewa iliposafika, ikahamia kwenye vigae.

Inamisha sehemu hiyo kidogo ili maji yasituame, na iwe wazi juani angalau nusu ya siku. Kinyesi kidogo cha ndege hakiidhuru. Spishi hii hupenda mahali penye virutubisho. Mbolea ya dukani usiitumie, inalisha mwani wa kuteleza.

Kukusanya

Kusanya pale ulipo, kutoka kwenye vigae vilivyovunjika, kifusi au kingo za barabara zinazobomolewa, na kwa ruhusa ya mwenye mali. Makaburi, minara ya kumbukumbu na hifadhi usiviguse. Paa la asbesto usilikwangue kamwe hata kama limejaa muralis, kwani nyuzi zake zikivutwa na pumzi huleta saratani. Kama spishi hii haipatikani kwenu, usiagize kutoka mbali. Chukua ukoko wa kwenu wenye vindimi ukingoni, maelekezo haya yataufaa pia.

Njia ya uhakika zaidi ni kuhamisha pamoja na jiwe lake. Kwa tindo nyembamba chonga kipande chenye unene wa nusu sentimita, kikiwa kikavu. Kibandike mahali papya kwa gundi ya epoksi iliyopakwa chini tu, uso ukielekea upande uleule wa mwanga uliotoka. Gundi ikipanda hadi kwenye vindimi, vindimi hivyo vimekwisha.

Njia ya pili ni vipande. Kwangua kwa wembe sehemu ya ukingo, kwa kuwa ndiyo inayokua, wala usizidi sehemu moja ya kumi ya duara. Fikicha kwa vidole hadi vipande viwe vya nusu milimita hadi milimita moja. Usisage kwenye kinu: ukipata unga, umevunja seli nyingi na kuwatenganisha wenzi wawili. Lowesha kigae, kipake tope jepesi sana la udongo wa mfinyanzi, linaloacha kivuli tu cha rangi, kisha nyunyiza vipande vikae mbalimbali, kimoja au viwili kwa kila sentimita ya mraba. Funika kwa shashi ya pamba iliyokazwa kwa uzi, ili mvua ya kwanza isivizoe. Baada ya miezi mitatu hivi legeza pembe moja. Vipande vikisogea ukivipuliza, irudishe.

Wapo wanaopaka mtindi au maziwa. Kinachoota kwa kawaida ni ukungu mweupe, kisha utelezi wa kijani. Huo unaosifiwa kuwa mafanikio, aghalabu ni mwani tu.

Kutoka kwenye spora

Njia hii ni ya maabara, na ni ya mtu mwenye subira. Chagua visahani vilivyokomaa visivyo na mashimo, vioshe kwa maji yanayotiririka kwa saa moja ili kuondoa vumbi na utitiri, kisha vikaushe kidogo kwa karatasi ya chujio. Vibandike kwa vaselini ndani ya kifuniko cha sahani ya petri, juu ya aga (jeli ya kuoteshea ya maabara) ya asilimia 2 isiyo na sukari. Vinapoanza kukauka hurusha spora zikaangukia aga. Kwa hadubini utaziona zikiwa vikundi vya hadi nane, zisizo na rangi, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mikromita 9 hadi 15. Zungusha kifuniko kila baada ya saa chache, upate maeneo kadhaa na uache yale yaliyochafuliwa.

Weka sahani kwenye nyuzijoto 15 hadi 20. Spora zikishachipua, kata vipande vya aga uvihamishie kwenye aga ya kimea na hamira. Baada ya miezi utakuwa na kidonge cha kuvu chenye upana wa milimita chache, kisichofanana na kuvumwani kabisa. Ukitaka kukiunganisha na Trebouxia, kitoe kwenye chakula kizuri. Wenzi hawa wakishibishwa kila mmoja huishi kivyake. Huungana wakiwa na njaa, kwenye kitako kisicho na sukari, huku kikilowa na kukauka kwa zamu. Hata hapo, mara nyingi hupatikana mwanzo tu wa mwili, bila visahani.

Mambo yanapoharibika

Utelezi wa kijani kibichi maana yake ni maji mengi au kivuli kingi; punguza maji kwanza. Vindimi vikigeuka vyeupe ghafla bila kurudi ukijani vinapolowa, vimekufa, na chanzo aghalabu ni metali, dawa ya klorini au kemikali ya kusafishia paa. Mikwaruzo inayoacha tabaka jeupe wazi ni meno ya konokono. Waondoe usiku kwa mkono, wala usimwage chumvi. Utando mweupe kama wa buibui unaotanuka kwa pete waweza kuwa Athelia arachnoidea, kuvu anayekula mwani ulio ndani ya kuvumwani. Kigae chenye utando huo kitenge na vingine. Kuvumwani zikianza kufunikwa na mossi, yaani vimea vidogo vya kijani vinavyotandaa, ving'oe kwa kibano vingali vichanga.

Usipime ukuaji kwa macho. Chora alama ya kudumu kwenye kigae, weka rula kando, na piga picha mara moja kwa mwaka, majira yaleyale, ukoko ukiwa mkavu, kwa sababu ukilowa hubadilika rangi na kuvimba. Kwa vipande vilivyofikichwa, tarajia mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kuona vidoa vyenye vindimi vyake.