Makro ya Excel inapopaka rangi mstari usio wake

Kwenye makro (amri zinazoifanyia Excel kazi yenyewe) umeandika FormatConditions.Add, amri ya kuweka sheria ya kupaka seli rangi kwa masharti, yenye fomula =$C2>100 kwa eneo A2:F50, lakini rangi inaangukia mstari mwingine? Fomula haina kosa. Sehemu isiyofungwa kwa $ (hapa namba ya mstari, 2) Excel huihesabu kuanzia seli iliyochaguliwa makro inapoendeshwa, si seli ya kwanza ya eneo. Ukiwa umesimama A5, C2 husomwa "mistari mitatu juu", na ukifungua orodha ya sheria utakuta kioja: =$C1048575>100.

Dawa: kabla ya Add, fungua karatasi husika kwa Activate, kisha Range("A2").Select. Ukiruka Activate ukiwa karatasi nyingine, Select hugoma kwa kosa 1004.

Tanguliza pia FormatConditions.Delete, la sivyo sheria hurundikana kila unapoendesha makro. Angalia tu, hufuta hata zile ulizoweka kwa mkono.